Askari wa Mbele

Mimi Eric, Mbena wa Njombe, mchapaji wa vikombe, fulana na chochote kinachokubali rangi hapa mtaani Mfaranyaki, nina kipaji kimoja tu: kuharibu. Tena naharibu kwa rangi zote.

Nilikuwa nampenda Leticia mpaka aibu, na bado nampenda. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Mathias, aipokee posa. Mzee alipigana vita vya Kagera. Mtaa mzima unajua alivyomkimbiza adui kilimani peke yake, maana anasimulia harusini, msibani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Siku hizi anaiandika hadithi hiyo kwenye kompyuta aliyonunuliwa na wanawe.

Sebuleni kwake kuna katuni ya gazeti la enzi za vita, imewekwa kwenye fremu. Leticia akaipiga picha kwa siri, akanitumia. Askari wawili wanakimbia: wa mbele mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, wa nyuma ana bunduki yenye singe. Maandishi ya chini yalikatika pichani. Nikaamua kuichapa kwenye kile kimpira cha kuwekea mausi ya kompyuta, iwe zawadi ya siku ya posa, tena nimbandike Mzee mwenyewe humo. Nikachukua sura yake ya ujana, nikamvisha askari wa mbele. Mtu mwenye akili angejiuliza huyu kamanda gani asiye na bunduki wala kiatu. Mimi nilijiambia wa mbele ndiye kiongozi, hapo anawapigia wenzake kelele wamfuate. Nikajipongeza na soda baridi.

Siku ikafika. Mshenga wangu, Egidi, aliongea vizuri mno. Wajomba wa Leticia wakatuchokoza: "Wabena hawa, leo wamekuja kuiba nini?" Sisi na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, tunatukanana hadi makaburini na hanuni mtu. Nikawarudishia maneno, watu wakacheka, nikavimba kichwa. Nikatoa zawadi.

Mzee akafungua karatasi, akatazama. Akakifunika kile kimpira pajani.

"Kijana, njoo uone nguruwe wangu."

Nikainuka kumfuata. Pale mlangoni ndipo nikaiona fremu yenyewe, na maandishi yake yote: ADUI ATIMUA MBIO. Mama yangu! Kumbe wa mbele ndiye adui, nami nimempa sura ya Mzee!

Bandani nikajiandaa kusema ni utani tu, Mzee. Akaniwahi.

"Nani kakwambia?"

"Kuniambia nini, baba?"

"Kwamba nilikimbia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Milio ya kwanza tu, nikatupa bunduki. Kiatu kilibaki huko huko. Hata mama yake Leticia hajui."

Nguruwe wakaguna. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Ni ujinga wangu. Nilidhani wa mbele ndiye kamanda."

Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa kumfikisha pale.

"Basi sasa unajua," akasema. "Wewe ni Mbena. Mtani akilipata hili atalitangaza mpaka Namtumbo, na mimi itabidi nicheke. Lakini mkwe hamtanii baba mkwe. Niambie, unarudi mle ndani kama mtani au kama mkwe?"

"Mkwe, baba."

Akakikunja kile kimpira, akakitia mfukoni mwa koti. Tuliporudi alitangaza kwamba posa imepokelewa. Vigelegele vikapigwa, Leticia akalia, nami nikalia bila haya yoyote mbele ya wajomba.

Halafu Mzee, kama kawaida yake, akaanza hadithi. Kilima, vumbi, adui. Akafika penye utamu, akanigeukia.

"Akatimua mbio mpaka kiatu kikamtoka! Au siyo, mkwe wangu?"

Watu wote wakanitazama. Utani mtamu kuliko wote niliowahi kuupata ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na wajomba walikuwa wanausubiri. Nikaumeza.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Na wewe ulikuwa nyuma yake."