Kadi Inakaa na Koti

Nilipomweleza mama mkwe kazi niliyopata, alimchukua kwanza mtoto mikononi mwangu, akamlaza begani pake, ndipo akauliza, "Bloki gani tena? Mnajenga nyumba?"

"Si bloki za kujengea, mama. Blokcheni. Chukulia kampuni kadhaa zinaandika kwenye daftari moja ndani ya kompyuta, na kila kampuni ina nakala yake. Kila kinachoandikwa kinafungwa na kilichotangulia, kama mnyororo. Mmoja akitaka kufuta chake kwa siri, nakala za wenzake zinamuumbua."

"Na ukikosea?"

"Ndiyo kazi yetu hiyo, mama. Kupanga vizuri ili watu wasikosee."

"Mh." Akampigapiga mtoto mgongoni. "Kitu hicho hakina huruma."

Nilicheka. Siku zile nilikuwa mwepesi wa kucheka. Nilikuwa nimesoma madarasa ya jioni na tumbo limenijaa mpaka meza ya darasani inanisukuma nyuma, na sasa nina kiti changu ofisini, na mkataba, ingawa ni wa majaribio.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitasa na makufuli. Bosi wetu tulimwita Kasi, maana hata chai alikunywa akiwa amesimama. Alikuwa amepata mteja mkubwa, ghala la dawa zinazotunzwa kwenye baridi. Dawa zinatoka kiwandani, zinabebwa na kampuni ya usafirishaji, zinapokelewa ghalani, kisha zinakwenda hospitali. Zikiharibika, kiwanda kinasema ni gari, gari linasema ni ghala, ghala linasema zilikuja zimeshaharibika. Kasi aliwaahidi kumaliza ubishi huo. Kila anayeigusa shehena atagusisha kadi yake kwenye mashine, na jina lake litaingia kwenye mnyororo papo hapo, na halitafutika.

Mimi nilitumwa ghalani kutazama kazi inavyofanyika kweli, ili mchoro wetu usiwe wa kubuni.

Mkubwa wa chumba cha baridi alikuwa mwanamke wa makamo, ghala zima likimwita Mama Baridi. Aliniangalia blauzi tu akajua.

"Unanyonyesha, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huingii humu na kinguo hicho. Njoo."

Ukutani kulikuwa na makoti mazito matatu. Akanivika moja, akanifunga zipu mpaka kidevuni kama mtoto anayepelekwa shule.

"Na yale mengine?" nikauliza.

"Yale ni mapambo. Zipu zimekufa zamani. Tunaomba mapya, wanatuambia mchakato unaendelea."

Nilipotia mkono mfukoni, nikakuta kadi imefungwa kwa kamba. Ilikuwa na picha yake.

"Mama, nimekuchukulia kadi yako."

"Iache hapo hapo. Kadi inakaa na koti. Mashine ya kusomea iko huko ndani, mtu ana glovu, ana maboksi mkononi, aanze kuvua na kujipapasa kutafuta ya kwake? Anayevaa koti ndiye anayegusisha. Za wenzangu ziko kwenye makabati yao."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga maboksi pale mlangoni pa chumba cha baridi akadakia, "Hapa sisi sote ni yeye! Hata sura tumeanza kufanana."

"Ungekuwa mimi kweli, dada," Mama Baridi akamjibu, "maboksi hayo yasingekuwa yameinama hivyo."

Walicheka, na mvuke ukawatoka vinywani. Nami nikacheka, lakini jambo la kadi nilitoka nalo.

Kwenye kikao nililisema jambo hilo. Nilisimama mbele ya ubao uliojaa mishale ya Kasi, nikasema kuwa mle ndani mashine haitamwona mtu, italiona koti. Tukiwasha mfumo hivi hivi, kila jambo litaandikwa kwa jina la mwanamke mmoja.

Wenzangu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Kasi alitazama simu yake.

"Mteja ametuhakikishia kila mfanyakazi ana kadi yake. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Basi mchoro wetu uko sahihi. Hilo la koti tuliweke awamu ya pili."

Aliyewahi kufanya kazi hizi anajua awamu ya pili ni wapi. Ni mahali pa kuhifadhia mambo ambayo hakuna atakayeyafanya.

Tukawasha mfumo. Kulikuwa na soda na picha ya pamoja. Mvua zilianza na kuisha, na mwanangu akajifunza kukaa bila kuegemezwa. Kisha asubuhi moja ghala likatupigia. Mlango wa chumba cha baridi haukubanwa vizuri jioni iliyotangulia, na shehena nzima ya insulini ilikuwa imepata joto usiku kucha. Yote ilitakiwa kuteketezwa. Mfumo ulionyesha aliyetoka mle wa mwisho. Ilikuwa kadi ya Mama Baridi.

Kasi aliniita twende wote. "Wanataka tuwaeleze rekodi tu," akaniambia tukishuka ngazi. "Usiongeze viungo."

Ofisi ya meneja wa ghala ilikuwa na joto, feni ikizunguka kivivu. Mama Baridi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Sikuwahi kumwona ameketi. Kumbe alikuwa mwembamba.

Meneja aligeuza kompyuta yake kuelekea kwangu. "Binti, nieleze kwa lugha nyepesi. Rekodi hii inaweza kubadilishwa?"

"Haiwezi."

"Kuna mtu angeweza kuingia akaweka jina lake baadaye?"

"Hapana."

"Tumemaliza."

"Bado, baba," nikasema. Nilihisi Kasi akinigusa kiatu kwa kiatu chake, lakini mdomo ulishafunguka. "Haiwezi kubadilishwa, lakini hiyo haiifanyi kuwa kweli. Kinachoingia kikiwa uongo, kitakaa uongo vile vile. Mle ndani wanavaa koti moja, na kadi iko ndani ya koti. Mashine iliona kadi. Nani alikuwa amelivaa, haijui."

Meneja akamgeukia Mama Baridi. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Jioni ile mimi nilikuwa huku nje nikiwapokea wenye gari."

"Nani alikuwa na koti?"

"Lilizunguka kama kawaida yake. Sikumwona aliyelivua mwisho."

"Lakini unaweza kukisia."

Alipitisha kidole kwenye pindo la khanga yake, akakirudisha.

"Naweza. Lakini mashine yenu imenikisia mimi, na mnaona nilivyokaa hapa. Leo na mimi nimkisie mwenzangu? Hapana. Hilo sifanyi."

Meneja hakuwa mtu katili. Alishusha pumzi, akamuuliza Kasi kama kuna njia. Kasi, bila kunitazama, akaeleza kuwa ipo. Hakuna kufuta, ila inaweza kutumwa hoja ya kusahihisha, ikaandikwa chini ya ile ya kwanza, iseme aliyehusika hajulikani. Sharti wote watatu wanaoshika nakala waikubali: ghala, msafirishaji na kiwanda. Mmoja akikataa, jina linabaki ndilo la mhusika.

"Wengine wakikubali, mimi nami nitakubali," meneja akasema.

Niliandika hoja hiyo mwenyewe, kwa maneno niliyoyachagua kama mtu anayechambua mchele. Msafirishaji alikubali siku ile ile. Meneja naye hakugeuka. Kiwanda kikakataa. Niliwapigia. Sauti yenye adabu ikanijibu kwamba wananielewa sana, lakini bima inataka jina, na jina tayari lipo. Wakilitoa, dai lao litalala.

"Hata kama si lake?" nikauliza.

"Dada, mfumo ni wenu. Ninyi ndio mlisema hauwezi kukosea."

Mama Baridi aliachishwa kazi. Mwezi uliofuata ghala lingine la baridi likajiunga na mtandao wetu, na Kasi akaleta keki ofisini. Mimi kipande changu nilikiacha mezani. Nilijua Mama Baridi alikuwa ameomba kazi kwenye ghala hilo. Siku walipounganishwa, nao walipata nakala, kila kitu tangu mwanzo.

Nilimtembelea siku ya mapumziko, mtoto nikiwa nimemfunga mgongoni. Chumba chake kilikuwa safi sana, usafi wa mtu asiye na pa kwenda. Akamshusha mtoto mwenyewe, akampakata.

"Wale wa ghala jipya walinipigia," akasema. "Mwanzo vizuri. Halafu wakaniambia wameniona kwenye mtandao."

"Najua, mama."

"Jina langu litakaa humo mpaka lini?"

Nilitafuta jibu laini nikalikosa. "Maadamu kuna mmoja anayeshika nakala."

"Hata nikifa?"

"Hata ukifa."

Akatikisa kichwa taratibu, huku mtoto akimvuta hereni.

"Nimetuma ile hoja tena," nikasema. "Kiwanda kimeikataa tena. Lakini hoja ikikataliwa nayo haifutiki, mama. Inaandikwa pale pale chini ya jina lako, na jina la aliyeituma. Nitaendelea kutuma. Yeyote atakayefungua habari zako atakuta kuna mtu alibisha, na sababu zake ameziandika."

"Na bosi wako?"

"Amesema nikituma nyingine, nisihesabu mkataba."

Jirani alikuwa akiburuta ndoo nje, chuma kikikwaruza sakafu.

"Kwa hiyo wakinifungua mimi," akasema mwishowe, "watakuona na wewe?"

"Wataniona."

"Humo humo, mpaka milele?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama, kisha akamtazama mtoto mapajani mwake, kisha mimi tena. Niliona macho yake yamelowa.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."