Wenye Macho Mekundu

Filimbi ilipulizwa nyuma ya nyumba kabla Mariana hajamaliza kupuliza moto. Alikuwa amepiga magoti jikoni, kichwa nusura kiingie kwenye mafiga, machozi yakimtiririka kama kawaida, maana mavi ya ng'ombe makavu hayashiki moto mpaka yakutoe machozi kwanza. Kuni ziliisha huko kwao zamani. Mama yake alipikia mavi ya ng'ombe, bibi yake pia, na wote wawili walizeeka na macho mekundu kama yake. Alidhani masikio yanamdanganya. Kisha filimbi ya pili ikajibu mbele ya nyumba.

Hakuna mjane wa umri wake, upande ule wa Shinyanga, asiyejua maana ya sungusungu kuzunguka nyumba asubuhi. Ni walinzi wa kijiji, vijana wa watu, wengine amewabeba mgongoni. Wanafuata ng'ombe walioibwa mpaka wanawarudisha, na kwa hilo Mungu awabariki. Lakini wakija kwa mjane mwenye macho mekundu anayeishi peke yake, basi kuna mtu amekufa mahali, na mtu mwingine amekwenda kwa mganga, na mganga ametaja jina. Mwenye bahati kati ya wanaotajwa ni yule anayetengwa tu: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Wasio na bahati tuwaache, ni asubuhi bado.

"Mwangaluka, mayu," sauti ilimsalimu mlangoni kwa Kisukuma, umeamkaje, mama.

Alikuwa Ngassa, kamanda wao, upinde begani na podo la mishale mgongoni. Nyuma yake alisimama Ndaki na kijana mwingine, na wa nne alikuwa amebaki kule nyuma kulinda dirisha, kana kwamba Mariana na magoti yake angeruka dirishani.

"Mwangaluka, baba," alijibu, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Jifunge khanga nzuri, mayu. Unaitwa."

"Naitwa na nani?"

"Maneno yote utayakuta mbele."

Ndiyo desturi yao hiyo. Hata uwe unaitiwa ng'ombe wako aliyepatikana, sungusungu wa kijiji kile hawakuambii neno mlangoni zaidi ya kwamba unaitwa. Wanasema mtu akijua mapema atapata muda wa kutunga uongo. Kwa wezi ni utaratibu mzuri sana.

Mariana alimuuliza Mungu ni nani amekufa, na jibu likaja hapo hapo: mtoto wa Maige. Alikufa kwa homa wakati wa kipupwe, na Mariana ndiye aliyemwogesha kabla ya kuzikwa. Alijifunga khanga yake ya msiba. Mwanawe Abel alikuwa Katoro, anauza vipuri vya pikipiki kwa wachimbaji, na simu yake haikupatikana. Hata ingepatikana angemwambia nini? Njoo uniokoe kwa Ngassa, yule uliyekuwa ukichunga naye ndama?

Lakini kilichomchanganya kabisa ni mto.

Walikuwa wamefunga mto kwenye keria ya baiskeli. Mto wa kulalia, wenye foronya ya maua! Ngassa alimwinua taratibu, akamkalisha, akamuuliza kama miguu iko sawa. Ndaki alimwaga maji kwenye moto ili nyumba isiungue, akafunga mlango kwa kufuli, akamkabidhi ufunguo mkononi kwa heshima zote. Mariana aliugeuzageuza ule ufunguo. Anayepelekwa kufukuzwa hapewi ufunguo wa nyumba yake. Au wanampa ili akajivunjie moyo mwenyewe? Alishindwa kuelewa, na kushindwa kuelewa kulimtisha kuliko mishale.

Njia ilipita katikati ya mashamba. Watu waliacha majembe wakasimama wima, wakitazama. Mama mmoja aliyezoea kuja kuazima chumvi kwake aliitikia salamu kwa kuinama haraka akatafuta kitu miguuni pake, na hapakuwa na kitu.

Walipofika korongoni wakamteremsha ili wavushe baiskeli, na hapo ndipo hofu ilipomzidi. Hakupanga. Maneno yalitoka yenyewe, tena kwa sauti kubwa, mbele ya vijana wote wanne.

"Ngassa, mwanangu, kwa nini mimi? Nendeni kwa Bernadina. Macho yake ni mekundu kuliko yangu mara mbili. Mtoto wa Maige alipozidiwa, ni nani aliyefika wa kwanza? Ni Bernadina! Muulizeni yeye."

Bernadina alikuwa rafiki yake tangu wote wawili walipoolewa kijijini pale. Walilima pamoja, walizika waume zao mwaka mmoja, na walipoishiwa mboga kila mmoja alijua chungu cha mwenzake kilipo. Mariana alijisikia akilisema lile jina, akatamani alirudishe kinywani.

Ngassa alimtazama, akakuna kidevu. Hakushangaa wala hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekumbushwa kitu.

"Bernadina si yuko kwa mwanawe, kule Nyahanga?"

"Amerudi juzi," alisema Mariana, maana ulimi ukishaanza hausimami.

"Na macho yake ni mekundu kweli?"

"Kweli, baba."

"Vizuri sana, mayu. Umetusaidia." Akamgeukia Ndaki. "Chukua mmoja mwende mkamlete. Na mtafute mto mwingine."

Ndaki akaondoka mbio. Mariana akavushwa korongo, akakalishwa tena kwenye mto wake.

Hawakumpeleka uwanjani, wanakohukumia watu. Walimpeleka zahanati. Pale nje palisimamishwa turubai la bluu, kubwa, na chini yake benchi zilijaa bibi. Ajuza wa vijiji vyote vya jirani, wengine hajawaona tangu harusi zao, wamekaa kimya wameshikilia khanga zao kifuani, na kila mmoja macho mekundu. Sungusungu wamewazunguka na pinde zao, wanatabasamu. Mariana alihesabu kwa moyo akaona kwamba safari hii wameamua kuwamaliza wote kwa mkupuo.

Kisha wakapewa chai. Chai ya maziwa, na mkate. Bibi aliyekaa kulia kwake aliushika mkate bila kuuma.

"Washitakiwa wanapewa chai siku hizi?" bibi huyo alimnong'oneza Mariana.

"Sijui, dada. Labda ni ya mwisho."

Wakainywa hata hivyo, kwa sababu ilikuwa na sukari ya kutosha.

Akaja binti mwenye gauni jeupe, mnene kidogo, anacheka peke yake. "Shikamooni, bibi zangu! Naitwa nesi Eunice." Waliitikia marahaba kwa sauti za watu waliofiwa. Nesi akaanza na Mariana, akamwinua kidevu na kumdondoshea kitu cha baridi kwenye jicho. Kiliwasha, kisha jicho likafa ganzi kabisa. Mariana akajua kwisha habari yake. Aliwahi kusikia kwamba zamani watu walinyweshwa dawa ya kiapo, mwenye hatia akadondoka. Sasa kumbe siku hizi inatiwa machoni, na yake imeshamkamata.

"Sikumuua," alisema. "Nilimwogesha tu."

"Hukumuua nani, bibi?"

"Mtoto wa Maige."

Nesi Eunice aliacha kucheka. Aliweka kichupa chini, akawatazama wale bibi wote benchi kwa benchi, na zile khanga za msiba, na zile pinde. Uso ukambadilika. Akamwita Ngassa pembeni, lakini hasira ilimfanya asahau kushusha sauti.

"Mmewaletaje hawa?"

"Kwa utaratibu wetu," alisema Ngassa. "Kwenye kikao mlisema mmetangaza kanisani wiki mbili na hawakuja. Mkatuomba sisi wadau tuhakikishe wanafika. Si wamefika? Hata mito tumeweka."

"Mliwaambia wanakuja kutibiwa macho?"

Mtu aliyemjua Ngassa angesema ndiyo kwanza wazo hilo linamfikia. "Sisi mlangoni hatusemi," alijibu hatimaye, kwa sauti ndogo.

Kutibiwa macho. Mariana alilisikia neno hilo likizunguka kichwani bila kupata pa kukaa. Tangazo la kanisani hakulisikia kwa sababu alikuwa ameacha kwenda kanisani tangu msimu wa kulima ulipoanza. Jua la njiani lilikuwa likimchoma macho. Nesi alirudi akapiga magoti mbele yake, akasema polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma cha kuokoteza. Macho mekundu ni ugonjwa. Moshi unayakereketa, na kuna ugonjwa mwingine unaozigeuza kope zitazame ndani, zinakwaruza jicho kila unapopepesa, mpaka siku moja linaziba. Leo watazigeuza zirudi nje. Sindano moja ya ganzi, kidonda kidogo, kesho anarudi kufunguliwa bandeji.

"Ugonjwa tu?" aliuliza Mariana.

"Ugonjwa tu, bibi."

"Na macho ya mama yangu?"

Nesi alimfuta mashavu kwa pamba. Mariana alitaka kucheka na alitaka kulia, na machozi yalikuwa yanatiririka tayari kwa shughuli zao nyingine, kwa hiyo hakujua yapi ni yapi.

Wakati huo mratibu wa huduma za macho, bwana Donatus, alikuwa ameshika kipaza sauti. Aliishukuru serikali, akalishukuru kanisa, akamshukuru mzee Ramesh mwenye duka kule Kambarage kwa turubai na miwani, akawashukuru kwa namna ya pekee sungusungu. Alisema wajane wazee wanaoishi peke yao ni kundi lililoachwa nyuma kihuduma, na kwamba ushirikiano wa wadau leo umeliziba pengo hilo, kwani mahudhurio yamevuka lengo. Sungusungu wakapiga makofi. Bibi wawili watatu nao wakapiga, kwa kuwa walinzi wao wamepiga.

Mariana hakupiga. Alikuwa amemkumbuka Bernadina.

Alisimama akitaka kutoka, aende wapi hajui, labda akawahi njiani awaambie Ndaki na mwenzake wafunge midomo. Alifika nguzo ya turubai. Baiskeli ilikuwa imeshaingia.

Bernadina alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na kitambaa cheupe kichwani, kama mtu aliyejivalisha mwenyewe kwa maziko ili wengine wasipate kazi hiyo. Aliteremka kwenye mto wake bila kushikwa. Uso ulikuwa mkavu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mariana, akasimama mbele yake, akavuta pumzi ya kusema jambo.

"Karibu, bibi, keti!" nesi Eunice alimwahi, safari hii akiwa amejifunza. "Usiogope hata kidogo. Umeletwa kutibiwa macho, basi, hakuna lingine. Na umshukuru huyu mwenzio, kamanda amesema ndiye aliyewaambia wakufuate. Wewe hata hukuwa kwenye orodha yetu."

Bernadina alibaki mdomo wazi. Alilitazama turubai, akazitazama benchi, bandeji, vikombe vya chai. Akarudi kumtazama Mariana, na Mariana akaona kwa macho yake mabovu jinsi uso wa mwenzake ulivyopotea njia, ukajaribu hasira, ukajaribu kicheko, ukakosa.

Kisha Bernadina akamkumbatia. "Jamani, oneni ndugu!" alisema kwa sauti, bibi wote wakageuka. "Wengine wangenyamaza watibiwe peke yao. Huyu amenikumbuka!" Bibi wakapiga vigelegele, vya kwanza siku ile. Hata bwana Donatus akapiga picha.

Mariana alikumbatiwa mikono ikining'inia. Basi hajui, alijiambia. Hawakumwambia. Moyo ulimshuka kwa nafuu kubwa, na nyuma ya nafuu ikafuata aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Alijiapia atamwambia mwenyewe. Siyo leo. Leo ni siku ya macho.

Walitibiwa mmoja baada ya mwingine. Mchana ulipokuwa mkali walilazwa barazani kwenye mikeka, wapumzike kabla ya kurudishwa. Mkeka wa Bernadina uliwekwa kando ya wake, maana nesi aliona ni marafiki. Wote wawili walikuwa wamefungwa bandeji, hakuna aliyemwona mwenzake. Mariana alisikiliza pumzi za Bernadina akadhani amesinzia.

"Mariana."

"Naam, dada."

"Ndaki ni kijana mwaminifu," Bernadina alisema kwa Kisukuma, taratibu, kwa sauti ya chini ili bibi wengine wasiamke. "Nilimuuliza ni nani kanitaja, akakataa kusema mlangoni. Korongoni nikamuuliza tena. Alinipa maneno yako yote, bila kupunguza. Mpaka la mtoto wa Maige."

Mariana aliivuta khanga mpaka kidevuni.

"Nilikuja nikuulize mbele za watu. Nikakuta wanagawa chai." Bernadina alijigeuza kwenye mkeka. "Mbele za watu nimekushukuru. Nyumbani tutaongea."

Mariana alitaka kusema hofu, mto, ufunguo, kwamba hakuelewa, kwamba hata sasa haelewi vizuri. Hakuna neno lililokubali kutoka. Asubuhi yalikuwa yametoka mengi mno. Alinyoosha mkono akapapasa ukingo wa mkeka mpaka akaufikia mkono wa mwenzake, akauwekea wake juu.

Bernadina hakuuondoa mkono wake, wala hakuushika wa Mariana.