Kikombe Baada ya Jumwa

Kahaso aliokoka akiwa na miaka sitini na saba, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwachia kazi yoyote. Alikuwa ametandika vitanda vya hoteli za Diani tangu usichana wake, lakini akishika fagio la kanisa, vijana humpokonya. "Pumzika, mama," Mchungaji Enos humwambia, kisha humkalisha kiti cha mbele. Pumzikeni nyinyi! Mtu hampi Mungu uzee wake ili awekwe kama pambo la sebuleni.

Jumapili hiyo ilikuwa ya meza ya Bwana, yake ya kwanza. Katika kanisa lao dogo nyuma ya Kona ya Musa, wote hunywea kikombe kimoja, mkono kwa mkono. Jumwa, jirani wa Kahaso, mjane mwenye mvi kichwa kizima, alikunywa, kisha akampa mpwa wake Dzombo.

Dzombo hakukipokea.

"Mimi sinywi alipoweka mdomo huyu," alisema, kanisa zima likasikia. "Mwanangu amekufa kwa homa, na aliyemroga ni shangazi."

Uwongo mtupu! Kila mtu alijua Dzombo analimezea mate shamba la shangazi yake. Kila mtu alijua pia kwamba mzee akishaitwa mchawi, panga halichelewi. Wanakwaya walitazama viatu vyao, na kikombe kikabaki mikononi mwa Jumwa.

Mchungaji alimwinamia Jumwa. "Mama, wewe kaa nyumbani kwanza, hadi hii maneno itulie. Ni kwa usalama wako."

Nyumbani! Huko huko ambako Dzombo atamkuta peke yake! Kahaso alipandwa na hasira mpaka masikio yakamvuma. Aliinuka, akakitwaa kikombe, akapiga funda kubwa huku akimkazia macho Dzombo.

"Mchungaji, mwanangu," alisema, "uliponibatiza uliniambia nimekuwa ndugu wa kila aliyemo humu. Ulinidanganya?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Basi huyu ni ndugu yangu. Kuanzia leo anakaa kwangu. Nawe Dzombo, ukimtaka, njoo ubishe hodi kwangu mchana, watu wakuone."

"Watakuita mchawi na wewe," Dzombo alisema.

"Na waniite!"

Akamshika Jumwa mkono, wakatoka. Aliogopa, lakini sasa alijua ameitiwa nini, na hasira ile ile ndiyo iliyomsukuma mbele. Alipogeuka kutazama, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka kwenye kiti chake.

Tangu aokoke, Kahaso alikuwa akiomba kwa kuiga maneno ya wenzake. Pale juani aliomba ya kwake, kwa sauti, macho wazi.

"Bwana, tufuate wewe, maana hawa hawaji."