Sura ya Kumi na Nane

Wamama wa shirika la Kasha, jumuiya ndogo ya kanisa kule Bagira mjini Bukavu, walimhesabu Winifred Orrick kuwa mtu wao. Walimwita Maman Winifrida, wakamwombea akiugua, wakamsema akiwaudhi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Alikuwa Mwingereza, mtunzi wa riwaya, bibi wa miaka tisini na moja ambaye hakuwahi kukanyaga Bukavu. Aliyewaletea vitabu vyake ni Madame Eulalie Nabintu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mjane asiyejaliwa mtoto. Kila Jumapili baada ya misa Eulalie aliwakusanya sebuleni kwake na kuwasomea sura moja, sura aliyoitafsiri yeye mwenyewe juma zima katika madaftari ya shule.

Jambo hilo lilianza miaka ishirini na sita nyuma, mapadri walipoiletea shule vitabu vilivyotumika. Eulalie alichukua kimoja kwa sababu kilikuwa kinene na mvua ilikuwa haikomi. Alikutana humo na mji wa milima na mvua kama wake, na wanawake wenye shida anazozijua: mume mlevi, kiwanja kinachogombaniwa na mashemeji, mtoto aliyekwenda mbali akanyamaza. Alimwandikia mtunzi barua. Miezi mitano baadaye jibu lilivuka mpaka kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, ndani ya mfuko wa padri. Tangu hapo hawakuachana.

Kwa barua hizo Eulalie alijua maisha ya Winifred kuliko alivyojua ya dada zake. Baba yake alibeba makaa ya mawe. Akiwa na miaka kumi na sita aliajiriwa stesheni kukata tiketi za treni, na hapo, nyuma ya kidirisha, alijifunza jinsi watu wanavyoagana. Kitabu chake cha kwanza kilikataliwa na wachapishaji tisa. Wa kumi alikikubali, "nadhani kwa uchovu," aliandika. Kuanzia hapo hakupumzika. Kila asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nne, alikaa mezani. Mume alipougua aliandika kando ya kitanda chake. Alipomzika, alirudi mezani siku ya tatu. Wasomi walimcheka kwamba yeye ni bomba lililoharibika koki. Hakuwajibu. Alifikisha riwaya sabini na moja, na Eulalie alikuwa ametafsiri kumi na tisa.

Riwaya ya sabini na mbili Winifred aliituma sura kwa sura, kadiri alivyoiandika. Ilimhusu Martha, mfua nguo, aliyegombana na binti yake Nell hadi Nell akaondoka nyumbani bila kuaga. Katika sura ya kumi na saba Martha amepata habari kwamba huenda Nell anarudi. Anakwenda stesheni, anakaa kwenye benchi na mwavuli magotini. Treni inafika. Milango inafunguka. Sura inakwisha.

Hiyo ilikuwa mwanzo wa Desemba. Jumapili mbili zilipita bila sura mpya.

"Madame, unatuficha," alisema Maman Rosette, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ambaye hakuwahi kukosa Jumapili hata moja. "Ile mutoto alishuka ao hakushuka?"

"Haijafika, Rosette. Ikifika nitawasomea."

Kilichofika ni simu ya Philippa, mpwa wa Winifred. Alizungumza polepole, kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Shangazi yake amepatwa na maradhi ya kusahau. Yalianza zamani, ila aliyaficha kwa ustadi. Sasa wamempeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bado anaamka saa kumi na mbili, bado anakaa mezani mpaka saa nne na kalamu mkononi, lakini anachoandika ni maneno ya kwenye boksi la dawa, anayanakili.

"Na sura ya kumi na nane?" Eulalie aliuliza, kisha akaona haya kuuliza.

"Nimepekua kila mahali. Hakuna," alisema Philippa. "Nilitumaini kwamba alikwambia wewe."

Hakumwambia. Winifred hakuwahi kumwambia mtu mwisho wa kitabu kabla ya kuuandika. Philippa akaomba jambo moja: je, Eulalie anaweza kumsomea kwa simu? Sauti za watu zinamtuliza.

Basi ikawa hivyo, kila Alhamisi alasiri. Eulalie alikaa karibu na dirisha ambako rezo, mtandao wa simu, ilishika vizuri, akamsomea Winifred vitabu vya Winifred. Bibi alisikiliza kwa raha. Alicheka panapochekesha. Siku moja alimkatisha.

"Mwandishi huyu ni hodari," alisema. "Ni kama alimfahamu mama yangu."

"Ni wewe, Bi Winifred. Wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi? Hapana, mwanangu. Mimi nakata tiketi."

"Umeandika vitabu sabini na moja."

Kisha Eulalie akasikia pumzi inayotweta, na ile sauti ikawa nyembamba: "Mbona basi sivikumbuki? Nani amevichukua? Philippa! Nani amevichukua?" Mlezi alichukua simu haraka na kuomba radhi. Eulalie alibaki na kitabu mapajani. Angetaka kumshika mkono tu, jambo ambalo hata mtoto angeweza kulifanya kama angekuwa chumbani mle. Hakumwambia tena kwamba yeye ndiye mwandishi.

Kuanzia Alhamisi iliyofuata alimsomea zile sura kumi na saba za riwaya ya mwisho, chache chache, akitumaini kwamba maneno yake yenyewe yatamvuta bibi kuendelea. Mwisho wa Januari walifika kwenye benchi, mwavuli, treni, milango. Eulalie akangoja.

"Halafu?" aliuliza Winifred.

"Unafikiri nini?"

"Aa, usinichezee. Msichana alishuka? Niambie."

"Sijui, Bi Winifred."

"Lakini kitabu unacho wewe!" bibi alilalamika, karibu kulia. "Mwenye kitabu ni wewe."

Mwezi wa pili vita vikafika mjini, na mji ukapata watawala wapya. Wiki hiyo watu waliteremka kwa maelfu kuelekea Uvira, kusini, na Gloire, binti wa Maman Rosette mwenye miaka ishirini na mbili, aliteremka nao. Alikuwa ametoka kugombana na mama yake asubuhi hiyohiyo: mama alitaka wabaki walinde nyumba, binti alitaka waondoke wote. Gloire alifunga kikwembe chake kiunoni, akatoka. Simu yake iliita siku mbili, ya tatu ikakatika. Tangu hapo hakusikika Uvira, wala ng'ambo Burundi, wala kwa jamaa zake wa kule Walungu.

Shule zilifungwa. Rezo ilipotea, ikarudi, ikapotea. Wamama walipoanza tena kukusanyika walikuwa wachache. Ila Rosette alikuja kila Jumapili na swali lilelile.

"Sura haipo, Rosette," Eulalie alimwambia hatimaye, akawaeleza wote ukweli wa ugonjwa. "Yeye mwenyewe ananiuliza mimi."

Rosette aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kikwembe. "Basi uandike wewe," alisema. "Unamujua kuliko sisi wote. Uandike mutoto anashuka."

"Siwezi."

"Madame. Nakuomba. Mimi sina kitu ingine ya kungojea yenye naweza kusikia mwisho yake."

Eulalie alikaa na ombi hilo siku kumi. Alikuwa ametafsiri kurasa elfu kadhaa za mwanamke yule. Alijua anavyoanza sentensi, anavyowapa watu chai kabla ya kuwapa habari mbaya. Alifuta mara nyingi. Alipomaliza, Nell alishuka kutoka behewa la tatu, akamwona mama yake, akakimbia, wakakumbatiana, mwavuli ukaanguka.

Aliisoma Jumapili. Maman Colombe, mkubwa wa shirika, alipiga makofi, na wengine wakafuata. Rosette hakupiga.

"Hii ni yako," alisema, bila hasira.

"Rosette..."

"Maman Winifrida hawezi kumurudisha mutu mbio vile. Yeye angemuacha kwanza wote washuke, mupaka wa mwisho. Angemuacha mama ahesabu mabehewa." Akanyanyuka, akajitanda. "Aksanti, Madame. Umenihurumia, nimeona. Lakini mimi nilitaka kujua, sikutaka kuhurumiwa."

Eulalie alimfuata hadi barabarani. Walisimama pamoja wakitazama minibasi ya mjini inapakia, kisha Rosette akapanda akaenda kuuza sambaza zake, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kuuza.

Mwezi wa nne Philippa akapiga tena. Winifred ameacha kuzungumza. Hali chakula, hunyweshwa tu. Daktari anasema ni siku, labda wiki. Je, Eulalie angependa kumsomea mara ya mwisho? Eulalie aliwaza kwenda, kama mtu anavyowaza mambo yasiyowezekana akiwa anaosha sahani: uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, visa hana, pasipoti yake ilikwisha muda na hakuna ofisi mjini ya kuibadilisha. Akasema ndiyo, atasoma.

Mlezi aliweka simu juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio la bibi. Eulalie alisikia pumzi: inaingia, inakaa, inatoka. Alikusudia kusoma Kiingereza, lakini kitabu alichokiokota mezani kilikuwa daftari lake mwenyewe, riwaya ya kwanza kabisa aliyoitafsiri, ile ya mvua, na midomo yake ikaanza katika Kiswahili kabla hajaamua. Hakujirekebisha. Kwa bibi yule sasa lugha zote zilikuwa sawa.

Alisoma sura nzima. "Bi Winifred," alisema kwa Kiingereza alipomaliza, "unanisikia?"

Pumzi iliingia. Ilikaa muda mrefu kuliko mwanzo, na Eulalie akasimama wima pale dirishani, mkono kifuani. Kisha ikatoka. Hakukuwa na sauti ya mlezi. Huenda alikuwa ameondoka chumbani.

"Niendelee?"

Hakujua kama kuendelea ni kumsumbua au kunyamaza ni kumwacha peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Akafungua sura ya pili, akasoma. Alikuwa katikati ya ukurasa wa tatu mega za kifurushi chake cha simu zilipokwisha na simu ikanyamaza.