Kifuniko Kisichopumua

Jirani yetu, mshona viatu, anaapa kwamba jana gari la baba lilizimika katikati ya mlima wa machimbo, likarudi kinyumenyume hadi ukingoni, na baba akawa anamwita marehemu bibi aje amshike mkono. "Nimeona kwa macho yangu haya mawili," akaniambia, "na moja bado linacheza."

Baba alisema ni umbea. Lakini asubuhi nilimkuta ameifungua kabureta kwa mara ya tatu wiki hii. Bakuli lake lilikuwa kavu, na tangi lina petroli nusu.

Hofu yangu ilikuwa dada. Hii ni mimba yake ya kwanza, na mkunga amempima akasema mtoto amelala mkingamo, asithubutu kuzalia nyumbani. Hospitali iko ng'ambo ya mlima huohuo, na gari ni hilo moja.

Mimi ndiye ninayemshikia baba spana, basi huangalia. Uani gari hunguruma vizuri. Likipanda mlima hukohoa, huishiwa nguvu, hufa. Likipumzika huwaka kama halikufanya kitu. Na nilipofungua tangi nipime petroli kwa kijiti, kifuniko kilivuta pumzi: fyuuu! Kile cha zamani kiliibwa. Hiki baba alikitengeneza mwenyewe kwa bati la kopo, akakizibia na mpira wa tyubu. "Humo hata mbu hapumui," hujisifu.

"Baba, labda hilo ndilo tatizo. Hewa haiingii, petroli haitoki. Tukitoboe."

"Ohoo, fundi mkuu wa darasa la saba! Nitoboe vumbi liingie?"

Saa nane mchana uchungu ukaanza. Tukampakia garini, nami nikakaa nyuma kusiko na mlango, kichwa cha dada mapajani mwangu. Kona ya kwanza tukapita. Ya pili, injini ikakohoa.

"Mbona linapunguza mwendo?" dada akauliza.

"Barabara mbaya tu, dada."

Kisha kimya. Breki ikalia. Jiwe likachomoka chini ya gurudumu, nikalisikia likiporomoka bondeni, likienda, likienda. Gari likateleza nyuma shubiri moja, kisha ya pili.

"Baba, nipite juu ya kiti nishuke, nikakilegeze kile kifuniko?"

Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, mguu umekandamiza breki. Dada akanibana vidole.

"Baba, niruhusu."