Jana ya Luhende

Mwaka ule serikali iliruhusu biashara huria, na shemeji yangu Ngeleja akawa wakala wa kununua pamba. Alivaa saa mbili, moja kila mkono. Alichokosa ni pikapu tu, na pikapu hiyo aliiona ikicheua katika zizi la mume wangu.

Mume wangu, Luhende, alikuwa amerudi kijijini kwetu Migato kutoka Dar es Salaam, alikochomwa mionzi kichwani kuua uvimbe. Uvimbe ulikufa. Lakini daktari alinieleza kwamba mionzi imeuunguza kidogo na ubongo wenyewe, sasa umevimba kwa ndani. "Ya zamani atayakumbuka, mama. Mapya hayatakaa." Akanipa vidonge. Ngeleja, daktari bingwa aliyeishia darasa la nne, akatangaza kwamba kaka yake ni kichaa, na mali ya kichaa hutunzwa na ndugu. Ndugu gani? Yeye, kwa huruma tu.

Akaita wazee wa ukoo. Mzee Masunga, mkuu wao, akakaa mbele, Ngeleja akasimama katikati.

"Kaka, jana ulikula nini?"

Luhende akanitazama. Nilikuwa nimekatazwa kujibu.

"Sijui."

"Leo siku gani?"

"Sijui, ndugu yangu."

Wazee wakaguna. Ng'ombe wale ndio chakula na shule ya wanangu watatu. Ngeleja angenyamaza hapo, angeondoka na zizi zima. Lakini mtu wa saa mbili hatosheki.

"Hata ng'ombe wake hawajui! Muulizeni!"

Umwambie Msukuma hawajui ng'ombe wake! Luhende akainuka, akanyoosha fimbo.

"Yule wa tumbo jeupe, mama yake ni yule mwekundu aliyekuja kwa mahari ya dada yetu Kwandu. Mwenzake wa tumbo moja yuko kwako, Ngeleja. Nilikukabidhi ng'ombe huyo ili mkeo apate maziwa alipojifungua. Kabla sijaugua alikuwa amezaa mara nne. Ndama wako wapi?"

Mzee Masunga akaamuru ng'ombe wote watano, mama na ndama wanne, warudi zizini kwa Luhende. Nilipiga vigelegele bila aibu.

Ngeleja hakununa. Aliwaleta mwenyewe, akitabasamu. Siku tatu baadaye alikuja tena, mimi nikiwa shambani nachuma pamba. Niliporudi, zizi lilikuwa tupu. Biashara huria.

"Ngeleja amenikumbusha tulivyokubaliana jana," Luhende akasema. "Kwamba ng'ombe wote wakae kwake. Nimeona aibu kusahau, mama Salu."

Nililia. Akaniuliza nalilia nini, nikamweleza yote. Akapandwa na hasira, akachukua fimbo, akatoka mbio. Kufika langoni akasimama, akageuka.

"Nilikuwa naenda wapi?"

Nikamshika mkono, twende tukashtaki. Kwa Mzee Masunga ni mwendo wa nusu saa. Nilimweleza mara saba njiani, na mara zote saba alikasirika upya.