Hatua za Flora

Nilikuwa namenya mihogo Anselmo aliponipigia simu kunipa habari njema: Flora anatembea vizuri, tena wiki nzima. Nikageuza uso. Mjukuu wangu alikuwa palepale mkekani, amejikunja, kanga hadi machoni.

Kisu kikaniponyoka. Kama Flora yuko hapa, nani anatembea?

Tangu tuzike kitoto chake, alikuwa kama amehama mwilini mwake. Kule hospitalini Mkomaindo walimpa dawa, na Anselmo, muuguzi wa magonjwa ya akili, akamwekea kwenye simu kitu cha kupima mwendo na usingizi. Maneno hakisikilizi, aliniapia, na Flora mwenyewe alikubali. Hali ikibadilika, Anselmo ataona akiwa Masasi, aje huku kwetu Chiwata kabla mambo hayajaharibika.

Mimi nilikuwa na kipimo changu. Kila jioni nilisema, “Kitendawili,” nikangoja. Asiyeitikia “Tega” hategewi. Vitendawili vikanijaa mdomoni kama wageni waliokosa pa kulala.

Simu haikuwa mkekani, wala chini ya mto. Nikatoka nje. Kule mikoroshoni beberu wetu alikuwa akifukuza majike, shingoni ana kifuko kinachoning'inia. Kilishonwa kwa kipande cha mbeleko ya mtoto, na simu ilikuwa ndani yake.

Nilirudi nacho ndani, nikaketi karibu na Flora.

“Mke mwenzangu, mbona hivi?”

Akaishusha kanga kidogo.

“Nilitaka mlale, Bibi. Wewe na Anselmo.”

“Na wewe?”

Akaivuta tena kanga, ikamfunika uso wote.

Nikampigia Anselmo, nikamwambia anayetembea ni beberu. Hakucheka. Aliniambia nisimwache peke yake hata kidogo, na dawa ya kupulizia mikorosho niifungie mbali. Jua halijazama, pikipiki yake ikaingia uani.

Walizungumza kwa muda mrefu. Dawa zikabadilishwa, na tangu siku ile Anselmo akawa anakuja mwenyewe. Alimuuliza Flora kama akiondoe kile kitu. Flora akasema kibaki, ila beberu apumzike. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga yake.

Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Jioni moja nilikuwa nazichambua, nikasema kwa mazoea tu, “Kitendawili,” nikainama kuchukua nyingine.

“Tega,” sauti ikatoka mkekani.

Vitendawili vyote vikanitoka kichwani.